IS au IT? Usiku mtoto wa dada alipokuwa anajaza chaguzi za chuo

Saa nne usiku simu ikaita, kuangalia ni mtoto wa dada, nikajua tu ni mambo ya chuo maana dirisha la udahili lilikuwa limefunguliwa wiki ile na kwao hakuna tena mazungumzo mengine. Mamdogo shikamoo. Marahaba mwanangu, vipi? "Mamdogo, hivi IS na IT si kitu kimoja?" Akakaa kimya kidogo halafu akaongeza, baba kasema niweke IT kwa sababu IT ndo inajulikana, lakini wewe ulisoma IS na una kazi, sa mi hapa nashindwa.

Nilitaka nimjibu kwa sentensi moja nilale, asubuhi nilikuwa na kikao. Nikashindwa. Swali hilohilo na mimi niliwahi kuliuliza nilipomaliza form six na jibu nililopewa lilikuwa "hizo zote ni kompyuta, weka yoyote", nikaweka yoyote, ikaangukia kwenye kitu ninachokipenda. Ni bahati tu, na wenzangu niliosoma nao bweni moja wapo ambao haikuwaangukia hivyo, wakamaliza miaka 3 wakiwa hawajui wamesomea nini. Sitaki mtoto wa dada naye arushe shilingi. Tukaongea mpaka saa saba usiku. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia pamoja na mengine niliyoyakumbuka kesho yake nimekaa kwenye daladala.

Tuanze na jina maana jina lenyewe ndo linaanza kuvuruga watu. IS tunaiita Mifumo ya Habari na IT ni Teknolojia ya Habari, na hilo neno "habari" kwa mtu wa kawaida ni ile taarifa ya saa mbili usiku. Babu yetu, Mungu amrehemu, mpaka anaondoka aliamini nimesomea utangazaji, alikuwa anawaambia wazee wenzake msikitini kwamba iko siku mtamsikia redioni. Mi napenda zaidi kusema mifumo ya taarifa. Ukisema hivyo angalau mtu anapata picha kwamba kuna taarifa, kuna watu wanaozihitaji ili waamue jambo, na kuna njia ambayo taarifa inapita toka kwa huyu mpaka kwa yule, na njia hiyo inaweza isiwe na kompyuta hata moja.

Kama nyumbani kwenu kuna nesi muulize kuhusu vitabu vya MTUHA. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulikuja miaka ya 90, yale makitabu makubwa ya mistari ambayo kila mgonjwa wa nje anaandikwa, kila mtoto anayepimwa uzito, kila mama anayejifungua, halafu mwisho wa mwezi nesi anakaa na kalamu anahesabu vijiti vijiti, anajumlisha, ripoti inapelekwa wilayani. Karatasi tupu hiyo. Na ni mfumo wa habari kamili kabisa, una anayeandika, una anayejumlisha, una anayesoma na kuamua. Kompyuta zilikuja kuukuta. Leo zile jumla zinaingizwa kwenye DHIS2, programu yenye mizizi Afrika Kusini na inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway. Sasa hapo ndo nikamwambia mtoto wa dada aangalie vizuri: seva isizime, intaneti ifike wilayani, nywila za watu zisiibiwe, bakapu iwepo hata kama jengo limeungua, hiyo yote ni kazi ya mtu wa IT. Kujua kwa nini nesi wa zahanati fulani anakosea kipengele kilekile kila mwezi, na kugundua kwamba hakosei ila fomu yenyewe inauliza vitu viwili kwenye mstari mmoja, hiyo ni kazi ya mtu wa IS.

Na hizi kozi hazikuzaliwa nyumba moja. IS ndo mkubwa kwa umri, ilianzia kwenye vitivo vya biashara Marekani, pale Minnesota mwishoni mwa miaka ya 60 profesa Gordon Davis alikuwa keshaanzisha masomo ya mifumo ya habari kwa watu wa menejimenti, wakati huo kompyuta ni dude la kujaza chumba. IT kama shahada ni mdogo wake wa mbali, imekuja baada ya intaneti kuingia maofisini na wakakosekana watu wa kuiendesha, maana wa sayansi ya kompyuta walikuwa wanafundishwa nadharia na wa IS wanafundishwa biashara, sasa mtandao wa ofisi nani anausimamia? Desemba 2001 walimu wa vyuo vilivyokuwa vimeanza kuifundisha walikutana Utah kujaribu kukubaliana ndani ya hiyo shahada kuwe na nini. Mwaka 2005 ripoti ya mitaala ya ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, na wenzao ikazipanga fani 5 kila moja na mahali pake, uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu, IS na IT. Namtajia mtu historia hii kwa sababu ukifungua masomo ya vyuo vyetu bado unaiona damu ya kila upande, kwenye IS unakutana na uhasibu, usimamizi wa miradi, tabia za watu kazini, na kwenye IT unakutana na mitandao, mifumo endeshi, usalama, usimamizi wa seva.

Lakini maneno haya hayamsaidii mtoto wa miaka 19 saa tano ya usiku, nilimsikia kabisa anapiga miayo. Nikamwambia basi ngoja nikuhadithie mapokezi.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye hospitali moja, sitaitaja. Walikuwa wametoka kununua mfumo wa kusajili wagonjwa. Wiki ya 3 tu mganga mkuu akaita kikao, foleni imekuwa ndefu kuliko enzi za mafaili, wagonjwa wanagombana, manesi wamechoka. Kila mtu mezani akasema mfumo ni mzito, mtandao uko slo, ongezeni RAM. Mwenzangu wa IT, kijana mmoja mtulivu sana, alikuwa keshapima kila kitu, seva inapumua vizuri na mtandao wa ndani hauna tatizo. Mimi nikaomba nikakae mapokezi siku 2, nisiguse kompyuta, niangalie tu.

Nikapewa kiti cha plastiki nyuma ya dada wa mapokezi toka saa moja asubuhi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mtu mzima kambeba mjukuu mgongoni. Kwenye skrini kuna visanduku 14, vyote vina kinyota chekundu, yaani usipokijaza mfumo haukuruhusu kwenda mbele. Jina, jina la kati, ubini, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, kata, mtaa, jina la mjumbe, kazi, dini, na vingine. Yule mama NIDA hana mkononi, tarehe aliyozaliwa mjukuu haijui, anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka juzi wakati wa masika. Dada wa mapokezi hakusita hata kidogo, tarehe ya kuzaliwa akaandika 01/01/1990, na kwenye NIDA akaandika tarakimu 20 kutoka kwenye kikaratasi alichokuwa kakibandika kwa selotepu pembeni ya skrini. Ilikuwa namba yake mwenyewe. Mfumo ukakubali kwa sababu aliyeutengeneza hakuweka sharti la kukataa namba iliyojirudia. Mtoto wa miaka 2 akaingia kwa daktari akiwa mtu mzima aliyezaliwa 1990.

Jioni ile tukafungua kanzidata, pale taarifa zote zinapohifadhiwa, tukaangalia, watu zaidi ya 600 wamezaliwa siku moja na wana namba moja ya NIDA.

Kesho yake asubuhi watu walipopungua nikamuuliza kwa upole, dada mbona unaandika hivyo? Akanigeukia. "Dada yangu, nyuma ya huyu kulikuwa na watu 40 na mmoja ana mtoto mwenye degedege. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo nikikaa kuchora mfumo wowote namuona yule dada amegeuka ananiangalia. Nikachukua orodha ya vile visanduku 14 nikatembea nayo ofisi kwa ofisi na swali moja, katika hivi wewe unasoma kipi? Daktari anasoma jina, umri na jinsia. Mtu wa takwimu anataka makazi kwa ajili ya ripoti. Wauguzi wanataka namba ya simu ya kumtafutia ndugu. Watu wa bima wana dirisha lao. Dini hakuna anayesoma, kazi hakuna, jina la mjumbe hakuna hata aliyekumbuka nani alisema liwekwe, na NIDA kila mtu alidhani ni ofisi nyingine ndo inaihitaji. Vikabaki visanduku 5, na kwenye umri tukaruhusu kukadiria, miaka au miezi. Programa aliifanya kazi yenyewe mchana mmoja. Foleni ikapungua wiki ileile, na kile kikaratasi cha selotepu dada akakibandua mwenyewe.

Mtoto wa dada akaniuliza, sa pale kompyuta ulifanyia nini? Nikamwambia nilifungua kanzidata jioni nikaandika kwiri moja ya SQL, yaani swali la kuiuliza kanzidata, ya kuhesabu tarehe zinazojirudia, mistari 4. Kilichobaki chote kilikuwa kutembea na kuuliza. Ila bila ile mistari 4 pale kikaoni ningekuwa mtu mwenye hisia tu, ile namba ya 600 ndo iliyomfanya mganga mkuu aweke simu chini anisikilize.

Sasa nisimnyime haki yake yule mwenzangu maana hospitali ileile ndo iliyonionyesha IT ni nini. Msimu wa joto ulipofika mtandao ukaanza kufa kila siku mida ya saa nane mchana, unarudi jioni wenyewe. Mimi nilifika pale nikakwama, nisingejua hata pa kuanzia. Yeye akaanza kuondoa kimoja kimoja, leo anatenga jengo hili, kesho lile, anaandika kwenye daftari saa ngapi imekatika na wapi, mpaka akabaki na kabati moja la ukutani kwenye korido ya maabara. Akapanda ngazi na tochi mdomoni. Juu ya kabati kuna AC, mchana joto likizidi inafanya kazi kwa nguvu, bomba lake la maji lina ufa, tone moja baada ya jingine linateremka na waya mpaka kwenye swichi ya mtandao. Usiku joto likishuka panakauka. Waya zile mbili tatu zilikuwa zimeoza vichwa kwa kutu, akavikata akakaa sakafuni kukrimpi upya, yaani kubana vichwa vipya, nilimkalia pembeni namshikia tochi, anazipanga zile nyuzi nyembamba 8 kwa vidole huku anatamka polepole kama mtu anayevuta tasbihi, nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akabana. Akaweka ping, ile amri ya kupima kama mtandao unajibu, ikimbie nusu saa nzima, akakaa anaiangalia, pakiti haipotei hata moja, na usoni ana furaha ambayo mimi pale nisingeipata hata ungenilipa.

Hapo ndo nilipotaka kumfikisha mtoto wa dada. Kazi zote hizi ni kukaa na shida siku nzima, miaka na miaka, na watu wanatofautiana kwenye shida wanazoweza kukaa nazo bila kuchoka roho. Yupo ambaye kitu kisipowaka hali wala halali mpaka ajue kwa nini, na kikiwaka anaridhika, hahitaji mtu amwambie ahsante. Na yupo ambaye kitu kinawaka vizuri lakini watu hawakitumii, au wanakitumia kwa kudanganya, na hilo ndo linalomnyima usingizi. Nikamwambia mwanangu, kumbuka shuleni kwenu, ulipokuwa kiongozi wa bweni, ile orodha ya zamu za usafi iliyokuwa haifuatwi uliifanyaje? Akacheka akasema niliikalia wikiendi nzima mamdogo, nikagundua wote wa zamu ya asubuhi ni wale wanaokaa mbali na bomba. Nikanyamaza.

Mfano mwingine niliompa ni kontrol namba, maana kila Mtanzania keshaishika. Mfumo wa GePG, ule wa malipo ya serikali unaotoa hizo namba, ulianza kutumika 2017. Jiulize ni teknolojia gani mpya ilikuja mwaka ule? M-Pesa Tanzania ilikuwepo toka 2008, benki zilikuwepo, intaneti ilikuwepo, simu zilikuwepo mikononi. Kilichobadilika ni mpangilio, nani anatoa namba, hela inaingia akaunti ya nani, nani anaiona ikiingia, na yule ofisa wa dirishani aliyekuwa anapokea fedha mkononi anabaki na kazi gani. Mtu wa IS anaona raha kwenye maswali hayo. Na baada ya mpangilio kukubalika wakahitajika watu wa kuhakikisha benki na kampuni za simu zinaongea na mtambo mmoja usiku na mchana bila kukatika, na hapo mtu wa IT anaona raha yake, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kazi yako ndogo.

Tukaja kwenye jambo ambalo watu wengi wanaumia nalo. Jina la kozi halitoshi. Vyuo vyetu kila kimoja kina mkono wake, UDOM pale CIVE wana IS na ndugu zake wengi kwenye ndaki moja, Ardhi wana mifumo ya habari iliyofungwa na usimamizi, IFM na Chuo cha Uhasibu Arusha wana IT lakini ni vyuo vilivyokulia kwenye fedha na uhasibu kwa hiyo hewa ya biashara utaivuta utake usitake, Mzumbe wao wanakupa TEHAMA pamoja na menejimenti. Kenya nako kuna ile BBIT ya Strathmore ambayo inachukua biashara na IT inaziweka chungu kimoja. Kwa hiyo unaweza kukuta IT ya chuo hiki ina masomo ya usimamizi kuliko IS ya chuo kile. Nikamwambia usinisomee jina, nenda kwenye tovuti ya kila chuo unachokitaka utafute orodha ya masomo, ruka mwaka wa kwanza maana mwaka wa kwanza wote wanafanana, utangulizi wa programu, hesabu, kanzidata, stadi za mawasiliano, soma mwaka wa 2 na wa 3. Somo kwa somo. Ukikuta uchambuzi na usanifu wa mifumo, mifumo ya biashara, usimamizi wa miradi, ukaguzi wa mifumo, hiyo ni IS hata kama juu wameandika IT. Ukikuta kurauti, yaani kuelekeza taarifa kwenye mitandao, usimamizi wa seva za Linux, usalama wa mitandao, wingu (cloud), hiyo ni IT.

Kuna watu wanawaambia watoto kwamba IS haina kukodi, yaani kuandika msimbo. Sio kweli jamani. Utaandika programu, utalala na SQL, kanzidata utazijua mpaka ndotoni na projekti ya mwaka wa mwisho lazima mfumo ufanye kazi mbele ya wasimamizi, ukizembea masomo ya programu utapiga sapu, yaani kurudia mtihani, na ukizidisha utadisko, yaani kuondolewa chuo, kama mtu mwingine yeyote. Kilicho kweli ni kwamba kwenye IS kukodi ni njia ya kufikia pengine. Na anayekimbilia IT akidhani anakwepa kuongea na watu naye atashangaa, shida za watumiaji ni simu 30 kwa siku, kila mmoja anaona yake ndo ya kwanza.

Kuhusu vigezo sikukaa sana, yeye kasoma EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, na hesabu kapata C. Anaona mwenyewe kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kila kozi inataka nini. Nikamsisitizia asome mstari wa hesabu na fizikia kwa kila kozi, maana kozi mbili zenye majina ya kufanana zinaweza kumpokea na kumkataa.

Halafu kuna jambo la baba yake, na hili nilikaa nalo kwa sababu hofu ya shemeji yangu ina msingi na niliwahi kuionja. Mwaka mmoja niliomba kazi taasisi fulani, tangazo linataka shahada ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari au fani inayolingana. Nina uzoefu wa miaka 4 kwenye kazi ileile waliyoiandika. Jina langu halikutoka kwenye usaili. Nikapiga simu kuuliza, aliyepokea akaniambia fani yako haipo kwenye orodha. Nikamwambia imeandikwa "inayolingana". Akasema sisi tunaangalia yaliyoandikwa, akakata. Iliniuma sana, niliwatumia barua na nakala ya masomo yangu yote niliyosoma chuoni, sikujibiwa. Baadae nimeona matangazo mengi ya Afisa TEHAMA ambayo IS imetajwa wazi, na mengi siku hizi yanagawanywa, mtu wa mitandao kivyake, wa kanzidata kivyake, wa programu kivyake, kwa hiyo mambo sio kama yalivyokuwa. Lakini nikamwambia mtoto wa dada afanye kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia nikifanye, afungue matangazo 20 ya kazi, ya serikali kwenye Ajira Portal na ya binafsi, aandike kwenye daftari kila moja linataka fani gani kwa jina. Hiyo ni saa moja ya kazi. Miaka 3 ya chuo ni mirefu.

Na vyeti vya pembeni vipo. Mtu wa IT akibeba CCNA, cheti cha mitandao, au akajifunza wingu na usalama vizuri, mwajiri haulizi sana shahada yake inaitwaje. Mtu wa IS kuna njia ya ukaguzi wa mifumo, CISA, ambayo mabenki wanaiheshimu, na sasa hivi kuna eneo jipya ambalo mi naliona lina nafasi kubwa kwa watu wa IS, ulinzi wa taarifa binafsi, maana sheria ipo toka 2022 na taasisi nyingi bado zinakusanya taarifa za watu bila kujua zinazitaka za nini. Namfikiria yule mtoto wa 01/01/1990 na jina la mjumbe wake, nani alikuwa anavihitaji vile vitu?

Akaniuliza pia kuhusu AI, kwamba zote hizo si zitafanywa na AI mamdogo. Nikamwambia mi mwenyewe naitumia kila siku na kweli kuandika msimbo kumekuwa kwepesi, ila bado hakuna aliyemwambia AI kwamba kuna kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu pembeni ya skrini. Lazima mtu akakae kwenye kile kiti. Na lile bomba la AC bado linahitaji mtu wa kupanda ngazi.

Asubuhi kabla ya kikao nikampigia shemeji. Nikamwambia shemeji sijampigia debe mtu, nimempa kazi mbili, asome masomo ya mwaka wa 2 na wa 3 ya vyuo vyake vitano na aandike matangazo 20 ya kazi, akimaliza mkae wewe na yeye na daftari mezani. Akasema sawa, lakini nilitaka tu asikae kitaa. Nikamwambia najua shemeji, na mimi nataka hivyohivyo.

Siku 3 baadae akanitumia picha ya daftari. Kurasa mbili, mistari kapiga kwa rula, IT imetajwa kwenye matangazo 17, IS kwenye 12, na pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika "9 yanataka zote". Chini kaorodhesha masomo ya kila chuo, kayazungushia duara yale yanayomvutia, na maduara mengi yalikuwa upande mmoja. Chaguo la kwanza kaweka IS, la 2 IT ya chuo chenye masomo ya usimamizi, baba yake kaweka tiki zote mbili.

Chini ya picha kaandika ujumbe. "Mamdogo, yule dada wa mapokezi bado yupo?"

Nikamjibu yupo, siku hizi ndo kiongozi wa zamu, na wageni wote wa mifumo wakija mganga mkuu anawapeleka kwake kwanza.

"Na visanduku bado ni 5?"

Ni 7 sasa, nikamwandikia. Dirisha la bima limeunganishwa na mapokezi, wameongeza 2.

Akakaa kama dakika moja hivi, naona anaandika, anafuta, anaandika. "Na hivyo 2 nani anavisoma?"